Pochi Itabaki Kwangu

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika. Hoteli ghorofa nne, lifti moja, chumba cha kulia chenye madirisha makubwa na vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi. Nimekikagua chumba chetu. Friji ndogo ipo na inapoza vizuri. Insulini ya akiba nimeilaza rafu ya kati, mbali na barafu. Kazi ya kitaalamu! Hakuna aliyenipongeza. Wote walikuwa wanampongeza shemeji kwa kukumbuka biskuti za dharura.

Niandike hali halisi ili kumbukumbu zikae sawa. Mimi ni Mkaguzi wa Mizani na Vipimo, mstaafu. Miaka thelathini na mmoja nimepita madukani na sokoni, na hakuna kilo iliyowahi kunidanganya. Kongosho langu liligoma miaka sita iliyopita. Tangu hapo najichoma insulini: ya polepole mara moja kwa siku, na ya kasi kwa kila mlo. Hiyo ya kasi lazima ilingane na wanga ulioko kwenye sahani. Ukichoma pungufu, sukari inapanda. Ukizidisha, inashuka, na wewe unashuka nayo. Kwa maneno mengine, ni kazi ya mizani. Mungu alijua ampe nani ugonjwa huu.

Binti yangu haoni hivyo. Ni mwalimu wa hesabu, na safari nzima alikuwa anatusomea masharti kwenye gari kama tuko darasani. Pochi yangu nyeusi itabaki kwangu kwa sharti moja. (Ndani ya pochi: kalamu mbili za insulini, sindano, kipima sukari na vidonge vya glukosi vya kupandisha sukari ikishuka.) Sukari ikinishuka chini ya nne kwa uzembe wangu, pochi inahamia kwenye mkoba wake mpaka atakapoamua yeye, na kila mlo nitapandisha shati anichome mbele za watu. Mke wangu aliitikia amina hata kabla hajamaliza.

Yote haya kwa sababu ya ule mgahawa wa mwaka jana. Mhudumu alisema chakula kinakuja, nikajichoma, chakula hakikuja. Niliokolewa na soda ya mtoto wa meza ya jirani. Mtoto alilia sana. Sasa hapo aliyesema uongo ni nani, mimi au mhudumu?

Pochi hiyo zamani ilibeba mihuri yangu ya ukaguzi. Mzani usiogongwa muhuri wangu haukuuza hata punje ya mchele. Sitanyang'anywa na mtoto niliyemfundisha mwenyewe kuhesabu vidole. Pochi itabaki kwangu, kufa kupona.

Jumanne, 5 Agosti

Shemeji ananikata maini.

Ni kaka wa mke wangu, na alikuwa na duka la rejareja. Naye anajichoma, miaka minane sasa, kwa hiyo anajiona mkongwe. Leo mchana, kwenye meza ya kujipakulia, alitoa mfukoni kikombe. Cha bati! Chenye ukingo wa buluu, na kimebonyea ubavuni. Akachota wali kikombe kimoja, akaumwaga kwenye sahani, akasema hizo ni uniti tano za insulini, akaenda kukaa.

Nilimfuata. Nilimweleza kwa upole kwamba kikombe si kipimo halali. Hakina muhuri. Wakati wangu ningekitwaa. Akasema ndiyo, anakumbuka.

Anachokumbuka ni hiki. Miaka ishirini na miwili iliyopita niliingia dukani kwake nikamkuta anampimia mteja sukari pamoja na bakuli. Bakuli juu ya mzani, sukari ndani ya bakuli, na mteja analipia vyote viwili. Alidai amesahau. Shemeji yangu au si shemeji yangu, nilimfungia mzani siku tatu. Mke wangu hakunisemesha siku nne. Ninajivunia siku zote saba.

Kibaya zaidi, shemeji anauliza maswali. Kwa sauti! Anamwuliza mhudumu mchuzi una sukari, chakula kitachukua dakika ngapi, uji umekorogwa na nini. Watu wanageuka. Mtu mzima anaomba taarifa kama mgeni aliyepotea stendi. Mkaguzi haombi. Mkaguzi anagundua.

Vipimo kabla ya chakula cha mchana: shemeji 6.3, mimi 11.8. (Daktari anataka kati ya nne na saba kabla ya mlo.) Nimeeleza kwamba kipima sukari changu kina kasoro. Binti yangu akakamata kidole changu akanipima kwa kipima cha mjomba wake. 11.9. Kumbe vyote viwili vina kasoro.

Vidonge vya glukosi vina ladha ya chungwa. Nimekula vitatu nikiwa nawaza.

Jumatano, 6 Agosti

Mbinu mpya, na nzuri ajabu. Nitajua kila kitu kuhusu chakula bila kumwuliza mtu chochote mbele ya shemeji.

Baada ya kifungua kinywa nilimvuta pembeni mhudumu wa meza yetu, mama mmoja mchangamfu mwenye aproni ya kijani. Nikampa ishara. Akileta chakula chenye sukari au asali, aguse sikio. Kama hakina, aguse pua. Aliniuliza kwa nini nisimwulize tu. Nilimwambia kuna mambo ya kitaaluma. Akasema sawa, mzee wangu.

Mchana. Supu ikaja: pua. Samaki: pua. Kuku wa mchuzi mwekundu: pua, mara mbili. Keki: pua! Nikajua jikoni kwao kuna mpishi aliyesomea. Wakati huo shemeji alikuwa ameinuka kwenda kumwuliza mpishi mwenyewe, amesimama mlangoni mwa jikoni na kikombe chake mkononi. Aliporudi alichukua samaki wa kuchoma na saladi. Hakumgusa kuku. Nilimwonea huruma. Nikala kuku mara mbili, na kipande cha keki chenye upana wa kiganja, uso mkavu, nikijichoma insulini ya viazi vya pembeni peke yake.

Saa kumi na mbili jioni: 16.7.

Nilimkimbilia mhudumu. Akaniomba radhi, halafu akapiga chafya. Ana mafua tangu Jumatatu! Siku nzima alikuwa anajifuta pua tu. Akaongeza kwamba kwenye keki aligusa sikio vilevile, mpaka hereni ikatoka, ila mimi nilikuwa namtazama shemeji. Mchuzi wa kuku ni nusu asali.

Binti yangu alinirekebishia kipimo, akaninywesha maji glasi mbili, akanitazama kwa muda mrefu. Nilimkumbusha kwamba sharti linasema chini ya nne. Halisemi chochote kuhusu juu. Akasema anajua linasemaje, aliliandika yeye. Pochi bado iko kwangu.

Vidonge vya chungwa vimekwisha. Hasira ina njaa yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku kubwa! Naandika kwa wino mzito.

Niliamka nikajiuliza: mimi ni nani? Mimi si mtu wa masikio na pua. Mimi ni mtu wa mizani. Na mzani ninao! Niliuficha ndani ya soksi tangu nyumbani, ule mdogo bapa wa betri. Mke wangu aliupiga marufuku kwenye safari zote tangu siku nilipokagua mzani wa jikoni wa hoteli fulani, nikaubandika karatasi ya kuufungia, na wageni sitini wakakosa mkate hadi saa nne.

Mchana niliingia nao chini ya kofia. Nikauweka mapajani, kitambaa cha meza kikanifunika. Sahani tupu: gramu 410. Sahani na viazi vya kuchemsha: gramu 620. Viazi: 210. Mzani una kitufe cha sifuri, ukikibonyeza wenyewe unatoa uzito wa sahani. Cha watoto hicho. Mimi natoa kichwani tangu kabla vitufe havijazaliwa. Karatasi ya mtaalamu wa lishe inasema viazi hivyo vina wanga gramu ishirini kwa kila mia. Kwangu mimi, kila gramu kumi za wanga ni uniti moja. Uniti nne! Nikajichoma chakula kikiwa mbele yangu. Nikala nikiwa na amani.

Baada ya saa mbili tukapimana. Shemeji 7.4. Mimi 7.0!

Nilisimama. Nilisema maneno machache kuhusu taaluma, usahihi na vikombe vya bati. Meza ya pembeni walipiga makofi. Mke wangu anasema walikuwa wanasherehekea siku ya kuzaliwa ya mtu wao, lakini walipiga nikiwa nimesimama. Shemeji alinipa mkono, akasema hongera, shemeji. Wivu huo, naujua.

Mke wangu aliuona mzani. Alitazama dari, akanitazama mimi, akatazama tena dari. Kisha binti yangu akasema, vizuri sana, Baba. Hivyo tu. Vizuri sana, Baba. Niliingia msalani kidogo, macho yalikuwa yananiwasha.

Ijumaa, 8 Agosti, asubuhi

Leo tunakula nje ya hoteli, kwenye mgahawa wa kilimani ambao kila mtu anausifu. Nimetangaza kwamba mzani utakaa juu ya meza, peupe. Zama za kujificha zimekwisha! Binti yangu amefurahi. Ameniomba jambo moja tu, nitumie kitufe. Nimecheka mpaka nikakohoa.

Ijumaa, 8 Agosti, jioni

Mwandiko umepinda leo. Kalamu ni mbovu.

Mgahawa ulijaa. Wali waliuleta kwenye mabakuli ya udongo, manene, mazuri, yenye michoro. Nikaweka mzani mezani. Watu wa meza tatu wakawa wananitazama. Bwana mmoja akauliza kama mimi ni mtu wa serikali. Nilimjibu kwamba moyoni sijawahi kuacha. Nikapandisha bakuli juu ya mzani, nikainua mkono kuomba utulivu, nikatangaza: gramu 455! Wali, wanga gramu ishirini na nane kwa kila mia. Jumla mia na ishirini na saba. Uniti kumi na tatu!

Shemeji alikuwa ameshachota kikombe chake kimoja na kumaliza kazi. Alitazama bakuli langu. Akatazama mzani. Akafungua mdomo. Nikamwonyesha kiganja: hakuna kuongea na mkaguzi wakati wa kupima. Akaufunga. Nikachoma. Yule bwana wa meza ya pili akatikisa kichwa kwa heshima.

Yaliyofuata nimesimuliwa, kwa hiyo siyathibitishi.

Tulirudi hotelini. Tukaingia kwenye lifti. Ndani kuna kibao: watu sita, kilo 450. Inasemekana niliamuru watu wote washuke. Nikataka kuona cheti cha ukaguzi wa lifti. Nikataka yaletwe mawe ya kupimia, kilo ishirini ishirini, na meneja aje na ufunguo. Jasho lilikuwa linanitiririka shingoni. Mke wangu na binti yangu hawakushtuka hata kidogo. Walijua ni mimi tu, kama kawaida yangu. Mke wangu alivua viatu akasema basi tupande kwa ngazi.

Hapo ndipo nikamshika shemeji bega. Nikamwambia kikombe chake ni kizuri. Nikamwambia ni kipimo halali na ningekigonga muhuri kwa mkono wangu. Nikamwambia yeye ni mtu mwema na nimempenda siku zote.

Shemeji akageuka akapiga kelele kwamba sukari imenishuka, leteni kitu haraka!

2.6. Pochi ikafunguliwa. Pakiti ya vidonge vya chungwa, tupu. Shemeji akachomoa soda kwenye mfuko wa koti. Kumbe alikuwa nayo tangu mgahawani, na alikuwa ananifuata nyuma nyuma mchana kutwa. Akaninywesha taratibu. Baada ya dakika kumi na tano wakanipima tena: 4.4. Halafu zile biskuti.

Nilipopata akili nilimwona mke wangu amekaa kwenye ngazi ya pili, viatu mkononi, analia bila sauti. Miaka thelathini na nne ya ndoa sijamwona akilia namna ile. Nilimwambia nyamaza, nipo. Akasema anajua nipo, ndiyo maana analia. Niliogopa. Sukari ilikuwa imeshapanda na bado niliogopa. Nimeliandika, basi, sitaki kulirudia.

Binti yangu alichukua pochi mapajani mwangu akaitia kwenye mkoba wake. Afadhali angegomba.

Jumamosi, 9 Agosti

Pochi imelala kwenye mkoba wa binti yangu, pamoja na kalamu nyekundu za kusahihishia na pipi za kikohozi. Pochi ya mihuri!

Kifungua kinywa: nimepandisha shati mbele ya chumba kizima. Binti yangu amenichoma uniti tatu, haraka, kama anamtia mwanafunzi alama ya vema. Mhudumu wangu mwenye mafua aligeuka akatazama dirishani kwa adabu. Nilijikaza kisabuni. Nilipomaliza nilimwambia mzee wa meza ya pembeni kwamba huyu ni muuguzi wangu binafsi. Binti yangu akasema mimi ni baba yake. Mzee akasema hongera, wengine watoto wao hawawapigii hata simu. Nilikuwa sijaliwaza hivyo, na sikutaka kuliwaza.

Asubuhi yote nimefanya uchunguzi. Watuhumiwa ni watatu. Kwanza insulini, ambayo huenda ilikuwa kali mno. Pili kilima, kwa sababu hewa ya juu inajulikana kwa kula sukari. Tatu daktari, kwa jumla. Nimeandika ripoti ya ukurasa mmoja na nusu.

Shemeji alinikuta kwenye benchi kando ya bwawa la kuogelea. Akaisoma ripoti yote. Akairudisha. Halafu akaniuliza polepole, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, kama niliutoa uzito wa bakuli.

Nilimwambia bila shaka! Nikamwuliza anajua anaongea na nani!

Akasogea kivulini.

Nikaenda chumbani nikapiga simu mgahawa wa kilimani. Nilibadilisha sauti. Nikaomba wanipimie bakuli moja tupu. Mpishi aliuliza mara mbili kama nimesema tupu. Akarudi baada ya muda. Gramu 255.

Nimekaa kitandani na karatasi. 455 toa 255. Wali ulikuwa gramu mia mbili. Uniti sita, basi. Saba zilizobaki nilijichoma kwa ajili ya udongo.

Miaka thelathini na mmoja. Nimewafungia watu maduka kwa kosa hilihili. Nilimfungia yeye, kwa bakuli, na alisema amesahau, na nikamcheka mbele ya wateja wake. Leo nimekumbuka uso wake wa siku ile. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikarudi kwenye benchi. Bado alikuwepo. Angecheka ningejua la kufanya. Hakucheka. Alisema mabakuli ya udongo yanadanganya, ni mazito kuliko yanavyoonekana. Akasema na yeye aliwahi kusahau bakuli, zamani sana. Akatazama majini. Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa nacho kabisa, kiko hapa kooni. Nikamwambia bwawa hili lina maji mengi. Akasema ndiyo, ni mengi.

Chakula cha jioni nilikaa roho juu. Nilijua atawaambia wote. Alichofanya ni kugonga glasi na kijiko akamwambia binti yangu kwamba pochi ni ya mwenyewe. Kwamba mtu akinyang'anywa ugonjwa wake anabaki kukaa tu. Kwamba kosa la jana linarekebishika na mwenye kosa ameshalijua. Bakuli hakulitaja. Mke wangu alinitazama. Nilitazama sahani.

Binti yangu amekubali. Kesho asubuhi narudishiwa, kwa masharti matatu: nibonyeze kitufe, niulize wahudumu, na nijichome pale tu chakula changu mwenyewe kikiwa mezani. Kosa moja tu, pochi inaondoka. Nimetia sahihi kwenye leso ya karatasi.

Sijui kwa nini shemeji amenitetea. Nimewaza na kuwazua. Nadhani bado ananiogopa.

Jumapili, 10 Agosti

Saa moja na dakika arobaini asubuhi: POCHI IMERUDI! Nimeipangusa. Nimeivaa begani chini ya koti, mahali pake.

Kifungua kinywa nilibonyeza kitufe, kwa kumfurahisha binti yangu. Nilimwuliza mhudumu kuhusu uji. Aliguswa sana. Mafua yake yamepona, na aliponijibu alishika sikio na pua kwa pamoja, akacheka mpaka akaweka sinia chini. Baada ya saa mbili: 6.9. Shemeji 8.1! Inaonyesha wazi kwamba njia yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nilimwambia asikate tamaa. Alisema atajitahidi.

Tukaagana na hoteli. Kwenye lifti sikusema kitu, ila nilikitazama kile kibao kwa jicho kali.

Saa saba mchana tumesimama kula kwenye mgahawa wa kando ya barabara. Meza nane, feni moja, redio inayotangaza mpira. Chakula kilichobaki ni kimoja tu, tambi na nyama. Tumeagiza sahani tano, pamoja na ya dereva. Mzani uko nyuma ya gari, chini ya masanduku. Shemeji akainuka na kikombe chake kwenda kumwuliza mpishi zitachukua muda gani.

Hapo ndipo nilipopata wazo, na naliandika kama lilivyokuja, kwa sababu ni zuri.

Bwana wa meza ya jirani alikuwa anakula tambi na nyama. Chakula kilekile, jiko lilelile, sahani ileile! Kwa nini nisubiri yangu wakati ya kwake naiona? Halafu ilikuwa sahani bapa, nyembamba. Bakuli halikuwepo. Kwa hiyo kosa la Ijumaa halikuwezekana kabisa, hata kama ningelitaka. Nilikadiria kwa jicho: gramu mia na hamsini, sawasawa. Alikuwa ameshakula nusu, kwa hiyo nikazidisha mara mbili. Mia tatu. Ningeulizwa popote ningeweza kuitetea hesabu hiyo. Tambi zina wanga gramu thelathini kwa kila mia, kwa hiyo uniti tisa. Nikaongeza mbili za mchuzi, kwa tahadhari.

Nikafungua pochi chini ya meza. Nikazungusha kalamu: kumi na moja. Nikainua upindo wa shati. Nilimwazia shemeji akirudi kutoka jikoni na taarifa zake za kuombaomba, anikute nimeshamaliza, natafuna kijiti cha meno.

Mkono ukatokea mbele yangu. Wa binti yangu. Umenyooshwa juu ya meza, kiganja juu. Hakunitazama hata usoni, alikuwa anasoma bei za soda ukutani.

Nimempa pochi. Nadhani anataka kuwaonyesha walimu wenzake.

Nimekaa nayo saa tano na dakika ishirini na tano bila kosa lolote. Sijui kama shemeji angeweza.

Tambi zimekuja baada ya dakika arobaini na tano. Shemeji alikuwa amesema arobaini na tano, amebahatisha. Sahani zetu zilikuwa nusu ya ile ya jirani, sufuria lilikuwa linaishia. Mke wangu amenipa kipande cha nyama kutoka kwake na kunifuta mchuzi kidevuni, mbele ya dereva. Binti yangu ameteremsha masanduku yote matano, ametoa mzani, amebonyeza kitufe, amepima. Uniti nne. Nimepandisha shati kabla hajaniambia.

Nne! Na mimi nilikuwa na kumi na moja, tayari, zimehesabiwa vizuri. Uniti zangu zilikuwa sahihi. Sahani ndiyo imekuja pungufu.